Saa 7:00–10:00 usiku ni lini? Jinsi ya kuandika muda wa kuanza na kuisha kwenye programu

Tuseme programu ya kampuni ya utalii jijini Arusha inamtumia dereva ujumbe huu: "Kupokea wageni KIA, 7:00–10:00 usiku." KIA ni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ofisini waliingiza 19:00 na 22:00. Seva ikahifadhi vilevile. Programu ikaona simu ya dereva iko kwa Kiswahili, ikaweka neno "usiku" mahali pa PM, ikatuma. Hakuna hatua iliyoharibika. Lakini dereva wa Arusha au wa Moshi akiona 7:00 usiku anasoma saa saba usiku, na 10:00 anasoma saa kumi, majogoo yanakaribia kuwika. Ndege itatua, wageni watatoka na mizigo yao, na gari litachelewa kwa muda wa saa sita nzima.

Waandika programu wengi hudhani kipindi cha muda ni nyakati mbili zilizounganishwa kwa kistari. Panga ule wa kwanza, panga wa pili, weka kistari katikati, kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba kipindi kina kanuni zake: kipi kirudiwe pande zote mbili, kipi kiandikwe mara moja tu, mwisho unahesabika au hauhesabiki, na siku inabadilika wapi. Kanuni hizo hutofautiana kwa lugha na nchi. Kwa Kiswahili kuna jambo la ziada: saa zetu zinahesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo, na maktaba za programu (misimbo iliyo tayari) zinazotumika duniani hazijui kuhesabu hivyo.

Kabla ya kuandika: unahifadhi nini?

Kuna aina mbili za muda, na ukizichanganya hakuna umbizo (namna ya kupanga maandishi) litakalokuokoa. Aina ya kwanza ni tukio lenye wakati wake halisi: ndege inatua, gari linaondoka, kikao kinaanza. Hili lihifadhi kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, pamoja na jina la ukanda wa saa wa mahali linapotokea. Aina ya pili ni muda wa kalenda au wa saa ya ukutani usiofungwa na tukio moja: duka hufunguliwa 08:00 hadi 18:00 kila siku, chumba kimechukuliwa kuanzia tarehe 12 hadi 15. Hapa hakuna UTC. Hifadhi tarehe kama tarehe na saa kama saa. Java ina LocalDate na LocalTime kwa kazi hiyo tangu toleo la 8, na JavaScript imepata aina za namna hiyo katika Temporal.

Tanzania iko UTC+3 mwaka mzima, hatusogezi saa mbele wala nyuma. Hiyo ni neema kwa mtumiaji, ila humfanya mwandika programu alale, kwa sababu kosa la kuchanganya aina hizo mbili halionekani hapa. Linaonekana kwa mteja. Wakala wa London anayepokea simu zako saa nne asubuhi za Arusha, kwake ni 08:00 wakati wa kiangazi na 07:00 wakati wa baridi. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo zipo wiki kadhaa kila mwaka ambazo tofauti kati ya London na New York si ile ya kawaida, na ratiba iliyoandikwa kwa kujumlisha namba itakosea kwa saa moja bila kutoa onyo.

Ndiyo maana tunasisitiza jina la ukanda, Africa/Dar_es_Salaam, badala ya "+3". Katika hifadhidata ya IANA, orodha ya kanda za saa za dunia, jina hilo siku hizi ni kiungo cha Africa/Nairobi, kwa hiyo usishtuke baadhi ya mifumo ikikurudishia Nairobi. Saa ni zilezile. Faida ya jina inaonekana nchi inapobadilisha uamuzi wake. Sudan Kusini ilihama kutoka UTC+3 kwenda UTC+2 tarehe 1 Februari 2021. Aliyehifadhi "Africa/Juba" alihitaji kusasisha hifadhidata tu, toleo la 2021a lilikuwa nayo tayari. Aliyehifadhi "+3" alibaki na kalenda nzima ya vikao ikiwa mbele kwa saa moja.

Kwa mji wa Arusha jambo hili ni la kila wiki, kwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa. Kikao cha 09:00–12:30 Arusha ni 09:00–12:30 pia Nairobi, Kampala na Mogadishu. Kigali, Bujumbura na Juba ni 08:00–11:30. Kinshasa ni 07:00–10:30, lakini Lubumbashi, ambayo nayo iko Kongo, ni 08:00–11:30. Usimuulize mtumiaji nchi yake tu ukadhani umepata ukanda wake.

Tarehe inayorudi nyuma siku moja

Kosa linalowapata sana waandika programu wa huku kwetu ni hili. Mtumiaji anachagua 13 Juni 2026 kwenye kalenda ya fomu. Msimbo unatengeneza `new Date(2026, 5, 13)`, yaani saa sita usiku za hapa, kisha unaigeuza kuwa maandishi kwa `toISOString()`. Matokeo ni `2026-06-12T21:00:00.000Z`. Mtu akikata herufi kumi za mwanzo ili apate tarehe, anahifadhi tarehe 12. Mgeni amewekewa chumba siku moja kabla.

Upande wa pili wa shilingi ni `new Date("2026-06-13")`. Maandishi ya namna hiyo husomwa kama saa sita usiku za UTC, ambazo hapa ni 03:00 ya tarehe hiyohiyo 13. Unajaribu ukiwa Arusha, kila kitu safi. Mteja wa Marekani anafungua ukurasa uleule anaona tarehe 12, maana kwake bado ni jioni ya jana. Sisi tulio mashariki ya Greenwich tunaathirika na kosa la kwanza, walio magharibi wanaathirika na la pili, na dawa ni moja: tarehe isiyo na saa isigeuzwe kamwe kuwa tukio lenye saa.

Seva inayokusanya ripoti kwa UTC nayo ina mtego wake. Kila kinachotokea hapa kati ya 00:00 na 02:59 huangukia tarehe ya jana kwa UTC.

Mwisho unahesabika?

Kwa mashine, njia salama ni kuhesabu mwanzo ndani na mwisho nje. Gari lililokodiwa 08:00 hadi 12:00 linaweza kukodiwa tena 12:00 hadi 16:00 bila mgongano, na urefu wa muda ni kutoa tu. Kiwango cha kalenda za kielektroniki, RFC 5545, kinafuata hivyo: tukio la siku nzima la tarehe 12, 13 na 14 huandikwa kuanza 12 na kuisha 15.

Binadamu hasomi hivyo. Ukimwambia mtu safari ni tarehe 12 hadi 14, anahesabu na ya 14. Kwa hiyo kwenye matukio ya siku nzima lazima utoe siku moja kabla ya kuonyesha, na uongeze siku moja baada ya kupokea kutoka kwenye fomu. Ukisahau kutoa, ratiba ya safari ya siku tatu inaonyesha nne. Ukisahau kuongeza, siku ya mwisho inatoweka kwenye kalenda ya mpishi na ya dereva. Hoteli ni tofauti tena: "12–15 Juni" ni usiku tatu, na tarehe 15 inaonyeshwa kwa sababu mgeni anaondoka siku hiyo. Hapa usitoe chochote. Andika "kuingia 12 Juni, kuondoka 15 Juni, usiku 3", mjadala uishe.

Kwa saa hakuna kutoa. Kikao cha mpaka 12:30 kiandikwe 12:30, si 12:29. Tumeona mifumo inayohifadhi 23:59:59 ili kuziba siku. Hiyo inaacha ufa wa sekunde moja na kuharibu kila hesabu ya urefu wa muda.

Maktaba zinavyofanya kazi

Data ya lugha zote za dunia kuhusu tarehe na saa iko kwenye mkusanyiko uitwao CLDR, chini ya taasisi ya Unicode. Maktaba ya ICU huusoma, na karibu kila mfumo unaoutumia, simu au kivinjari, una ICU ndani yake au unakula data ileile. Kwa vipindi, CLDR haihifadhi sentensi moja kwa kila lugha. Unatoa kiunzi, yaani orodha ya vitu unavyotaka vionekane (mwaka, mwezi, siku, saa, dakika), kisha maktaba inatafuta kitu kikubwa kuliko vyote kinachotofautiana kati ya mwanzo na mwisho. Siku tu ikitofautiana, mwezi na mwaka vinaandikwa mara moja. Mwezi ukitofautiana, unaandikwa pande zote mbili. Kama lugha haina mpangilio wa hali hiyo, maktaba hurudi kwenye mpango wa dharura: wakati wa kwanza mzima, kistari, wakati wa pili mzima.

Safari ileile ya tarehe 12 hadi 15 inatoka hivi. Kwa Kiingereza cha Marekani: June 12 – 15, 2026. Kwa Kijerumani: 12.–15. Juni 2026, nukta zikiwa baada ya namba zote mbili. Kwa Kijapani mwaka unatangulia na kiunganishi ni mawimbi: 2026年6月12日～15日. Kwa saa, Mjerumani anasoma 09:00–17:00 Uhr, Mmarekani 9:00 AM – 5:00 PM. Mmarekani huyo ukimpa saa mbili zilizo asubuhi zote, AM ya kwanza inaondoka: 9:00 – 11:00 AM. Hakuna anayeweza kuyapatia yote haya kwa kuunganisha maandishi kwa mkono, na hapa ndipo maktaba inapostahili imani yako.

Kwenye JavaScript kitendo ni `formatRange`:

```
const f = new Intl.DateTimeFormat("de-DE", {
  day: "numeric", month: "long", year: "numeric",
  timeZone: "Africa/Dar_es_Salaam"
});
f.formatRange(mwanzo, mwisho);
```

Usiache `timeZone`. Ukiiacha, kila msomaji anapata saa za kifaa chake, na Mjerumani aliyeko Berlin ataona saa ya kuondoka Moshi ikiwa imesogea nyuma kwa saa moja au mbili. Kitendo hicho kina akili nyingine ya kufaa: ukiomba saa tu huku mwanzo na mwisho viko siku tofauti, kinaongeza tarehe chenyewe, kwa hiyo kisanduku chako kidogo cha skrini kijiandae kwa maandishi marefu. Kwenye iOS tumia DateIntervalFormatter, kwenye Android na Java ICU ina DateIntervalFormat, na Python ina `format_interval` ya Babel. IntlDateFormatter ya PHP hupanga wakati mmoja tu, hivyo kwa vipindi utaandika kanuni zako au upeleke kazi hiyo kwenye kivinjari.

Ndege zisipite humo. `formatRange` inakubali ukanda mmoja, ilhali ndege huondoka KIA kwa saa za hapa na kutua Amsterdam kwa saa za kule. Andika kila upande peke yake, na jina la mji kando yake.

Kiswahili: hapa maktaba inakwama

Herufi za CLDR za kuonyesha saa ziko nne: h huhesabu 1 hadi 12, H 0 hadi 23, K 0 hadi 11, k 1 hadi 24. Zote nne zinaanza hesabu usiku wa manane au adhuhuri. Hakuna herufi inayoanza saa kumi na mbili asubuhi. Lakini maneno ya sehemu za siku kwa Kiswahili yamo: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kwa hiyo ukiomba saa yenye maneno hayo, maktaba inachukua namba ya kizungu na kuiwekea neno la Kiswahili. Ndipo 7:00 usiku ya dereva wetu inapozaliwa.

Si kila mchanganyiko unaumiza sawa. "8:00 asubuhi" msomaji atagundua kuna kitu, kwa sababu saa nane ni ya mchana au ya usiku, haiwi ya asubuhi. "2:00 mchana" vilevile haiingii akilini. Hatari iko pale ambapo namba ya kizungu na neno la Kiswahili vinaungana kuwa saa iliyopo kweli. 11:00 ikitoka kama "11:00 asubuhi", mtu ataamka gizani aende saa kumi na moja. Na usiku karibu wote ni hatari: 19:00 inasomeka saa saba usiku, 20:00 saa nane, 21:00 saa tisa, 22:00 saa kumi. Upande wa pili, 01:00 ikiandikwa "1:00 usiku" inasomeka kama 19:00, na 02:00 kama 20:00. Hakuna kinachomshtua msomaji, kwa hiyo hapigi simu kuuliza.

Kanuni ya kushika ni kwamba namba na neno vitoke kwenye hesabu moja. Ama andika saa 24 bila neno lolote, 19:00–22:00, ama andika saa ya Kiswahili kamili, saa 1:00–4:00 usiku. Kugeuza ni rahisi:

```
function saaYaKiswahili(h) {      // h ni 0 hadi 23
  return (h + 5) % 12 + 1;
}

function sehemuYaSiku(h) {
  if (h < 4)  return "usiku";
  if (h < 6)  return "alfajiri";
  if (h < 12) return "asubuhi";
  if (h < 16) return "mchana";
  if (h < 19) return "jioni";
  return "usiku";
}
```

Saa 7 inatoa 1, saa 6 na saa 18 zinatoa 12, saa 0 inatoa 6. Dakika hazibadiliki. Hiyo h ipate kwa `formatToParts` ukiwa umetaja ukanda na `hourCycle: "h23"`, kwa sababu ukitumia `hour12: false` peke yake, baadhi ya vivinjari hukuletea 24 badala ya 00 usiku wa manane. Mipaka ya maneno unaweza kuisogeza kidogo. Barua nyingi za ofisini huandika saa tisa alasiri badala ya mchana, na wapo wanaosema saa moja jioni. Haileti mgongano, maana namba imeshabeba maana. Usisogeze tu mpaka wa asubuhi kupita 06:00, kwa kuwa watu wa hapa husema saa kumi na mbili asubuhi bila kufikiri mara mbili.

Sasa kipindi chenyewe. Kiingereza hufuta AM ya kwanza iwapo zote ni AM. Ukiibeba kanuni hiyo kwenye Kiswahili utakosea, kwa sababu mpaka wa AM na PM si mpaka wa saa zetu. Chukua 05:30 hadi 07:00: kwa Kiingereza 5:30 – 7:00 AM. Kwa Kiswahili ni saa 11:30 alfajiri – saa 1:00 asubuhi. Ukifuta neno la kwanza unabaki na "11:30–1:00 asubuhi". Kinyume chake, kuna vipindi vinavyovuka PM kwenda AM lakini vikakaa ndani ya neno moja la Kiswahili: 23:00 hadi 02:00 ni usiku mtupu.

Masharti tunayopendekeza ya kufuta neno la kwanza ni haya: tarehe iwe moja, neno liwe moja, na namba ya pili iwe kubwa kuliko ya kwanza. Sharti la mwisho lipo kwa ajili ya asubuhi, sehemu pekee ya siku inayoanza na 12. Kipindi cha 06:00 hadi 11:00 kikifupishwa kinakuwa "saa 12:00–5:00 asubuhi", na jicho linaona kitu kilichogeuzwa. Andika saa 12:00 asubuhi – saa 5:00 asubuhi, ni herufi chache tu za ziada. 08:00 hadi 11:30 haina shida: saa 2:00–5:30 asubuhi. Na geti la 06:00 hadi 18:00, muda unaokutana nao sana kwenye kazi za utalii, ndilo linaloonyesha gharama ya uvivu. Bila maneno linasomeka "12:00–12:00".

Chukua ratiba moja ya Kilimanjaro uiangalie kwa karibu. Kundi linatoka kambi ya Barafu 00:00 na kutarajiwa kilele cha Uhuru, mita 5,895, ifikapo 06:30. Mgeni wa Marekani anaona 12:00 – 6:30 AM. Mpagazi anapaswa kuona saa 6:00 usiku – saa 12:30 asubuhi. Namba ni zilezile 12 na 6, zimebadilishana nafasi. Ukipeleka karatasi moja yenye namba tu kwa wote wawili, kila mmoja ataisoma kwa uhakika kabisa na kila mmoja ataelewa kitu chake.

Usiku wa siku gani?

Ratiba hiyohiyo ina tatizo la pili, na kwa maoni yetu ndilo baya kuliko yote. Kwa kompyuta, kundi linaondoka Jumamosi 13 Juni 2026, 00:00. Ukiigeuza kwa kanuni ya juu unapata "Jumamosi 13 Juni, saa 6:00 usiku". Mtu yeyote wa Moshi akisoma hivyo ataelewa usiku unaofuata mchana wa Jumamosi. Amechelewa siku nzima. Waongozaji wenyewe wangesema Ijumaa saa sita usiku, au kwa uangalifu zaidi, usiku wa kuamkia Jumamosi.

Tumia hayo maneno ya mwisho. Kila wakati ulio kati ya 00:00 na 03:59 uandikwe "usiku wa kuamkia" ukifuatwa na jina la siku ambayo kompyuta inalo tayari: usiku wa kuamkia Jumamosi 13 Juni, saa 6:00. Huhitaji kutoa wala kuongeza siku, na hakuna njia mbili za kuisoma. Kipindi kinachovuka usiku wa manane, kama 23:00 Ijumaa hadi 02:00 Jumamosi, kinatoka vizuri kwa sentensi moja: usiku wa kuamkia Jumamosi 13 Juni, saa 5:00–8:00. Hapa ndipo pekee tunapovunja sharti la tarehe moja, kwa sababu usiku kwetu ni mmoja hata kalenda ikigeuka katikati yake. Kwenye tiketi na mikataba ongeza na saa 24 pembeni: (12/06 23:00 – 13/06 02:00).

Simu ya Kiingereza, mtu wa Kiswahili

Watu wengi wa hapa wameacha simu zao kwenye Kiingereza, na mara nyingi ni Kiingereza cha Marekani kilichokuja na simu. Programu ikisoma lokali ya kifaa, yaani mpangilio wake wa lugha na nchi, inapata en-US na kumwandikia mtu wa Sakina hapa Arusha 6/12/2026. Yeye anasoma tarehe 6 Desemba. Lokali ya en-TZ ipo, inaweka siku mbele. Itumie unapojua mtumiaji yuko Tanzania. Bora zaidi, andika jina la mwezi kwa herufi na uachane na ubishi wa namba.

Vilevile lugha ya simu haikuambii mtu anahesabu saa vipi. Dereva anaweza kutumia menyu za Kiingereza na bado akili yake ikawa kwenye saa mbili asubuhi. Weka mpangilio unaojitegemea: saa ya Kiswahili au saa 24. Kwa karatasi inayosomwa na watu mchanganyiko, kama ratiba ya safari inayopita kwa mgeni, mpishi na dereva, andika zote: saa 2:00–5:30 asubuhi (08:00–11:30). Ile sifuri ya mbele kwenye 08:00 iache, inasaidia jicho kutofautisha.

Kistari na SMS

Kistari cha vipindi ni kile cha urefu wa kati, U+2013, si kile kifupi cha kibodi. Kinaruhusu mstari kukatika baada yake, kwa hiyo "saa 2:00–" inaweza kubaki juu na "5:30" ikashuka chini. Weka alama U+2060 baada ya kistari kuzuia hilo, na nafasi isiyokatika U+00A0 kati ya "saa" na namba.

Kwenye ujumbe wa simu kifute kabisa. Alfabeti ya kawaida ya SMS, GSM ya biti 7, haina kistari hicho. Herufi moja tu iliyo nje yake inaulazimisha ujumbe wote kuhamia usimbaji mwingine, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe ukigawanywa, kila kipande ni 67 badala ya 153. Taarifa ya herufi 150 uliyokuwa ukiilipia kama SMS moja inakuwa tatu, kwa kila dereva na kila mteja, kwa sababu ya kistari. Tumia "hadi", au kistari kifupi. Kagua pia nafasi: mwaka 2022 toleo la 42 la CLDR liliweka nafasi nyembamba, U+202F, kabla ya AM na PM za Kiingereza. Java 20 ikaja nayo, na kwenye vivinjari ilivunja programu nyingi zilizokuwa zikisoma maandishi hayo upya hadi watengenezaji wakairudisha nafasi ya kawaida. Haionekani kwa macho, lakini SMS inaihesabu. Na usisome tena maandishi yaliyopangwa kwa ajili ya binadamu. Tuma data yenyewe kwa umbo la ISO 8601.

Majaribio yasiyokwepeka

Jaribu 06:00–18:00, 05:30–07:00, 06:00–11:00, 11:00–13:00, 19:00–22:00, 23:00–02:00 na 00:00–06:30. Jaribu mwanzo na mwisho vikiwa sawa, maana `formatRange` hapo hutoa wakati mmoja bila kistari na skrini yako inaweza kuwa inasubiri viwili. Jaribu kuvuka mwezi, 30 Juni hadi 2 Julai, na kuvuka mwaka, 30 Desemba hadi 2 Januari, ambako mwaka lazima uonekane pande zote. Kisha endesha majaribio yote mara mbili, mara moja ukiwa umeweka `TZ=Africa/Dar_es_Salaam` na mara ya pili `TZ=America/Los_Angeles`. Tarehe yoyote inayotofautiana kati ya mizunguko hiyo miwili inatokana na sehemu ya msimbo iliyosoma saa za kifaa bila kuambiwa ukanda, na ni rahisi kuipata ukiwa bado unaikumbuka.